Binti wa miaka 6 anawashwa: kliniki wanasema kandida, jajja (bibi yake) anasema mvuke wa choo

MamaZahara_Busia
Habari zenu. Nina binti wa miaka 6, yuko P.1, darasa la kwanza. Tangu muhula uanze anajikuna mbele mpaka mwalimu wake ameniita. Jioni chupi inakuwa na alama ya manjano hafifu, si nyingi, na akikojoa analia kwamba panachoma. Nimempeleka kliniki moja hapa mjini mara tatu na jibu ni lilelile: kandida, yaani kuvu. Mara ya kwanza krimu. Mara ya pili krimu na dawa ya kunywa. Mara ya tatu wakanipa vile vidonge vya kuingiza vya watu wazima, eti nivikate nusu. Sikuvitumia, mkono ulinikatalia. Krimu inamtuliza siku nne tano, halafu tunarudi palepale.
Mama mkwe wangu ana la kwake. Choo chetu ni cha shimo, tunachangia na wapangaji wa vyumba vitano, na saa nane mchana ukiingia unasikia joto linapanda kutoka chini. Anasema huo mvuke ndio unaomuunguza mtoto. Siku hizi kila jioni anamwaga jivu shimoni. Mtoto mdogo hivi kandida anaitoa wapi? Au ni choo kweli?

Mzee_wa_Malaba
Msikilize mama mkwe. Wazee hawakusema bure. Dada zangu wote walikatazwa kuingia chooni jua likiwa utosini. Mvuke wa shimo una sumu, na mtoto wa kike yuko wazi kuliko wa kiume. Jivu ni dawa nzuri, aendelee.

BintKoboko
Mzee shikamoo, lakini sisi tulizaliwa wasichana saba nyumba moja, choo kimoja cha shimo, na jua la Koboko mnalijua. Aliyewashwa ni mmoja tu, mdogo wetu. Mvuke ulikuwa unamchagua yeye?

Mzee_wa_Malaba
@BintKoboko marahaba. Mbu naye huchagua.

BintKoboko
🤣🤣 hapo umenishika.

Sista_Mstaafu
Nimeuguza miaka 31, wadi ya watoto na kliniki ya akina mama, kwa hiyo nivumilieni nikiandika ndefu.
MamaZahara, mkono ulikukatalia vizuri. Vidonge vya kuingiza vya mtu mzima si vya mtoto, hata ukivikata vipande ishirini. Usimwingizie chochote, wala usimwoshe kwa ndani.
Halafu hiyo kandida. Kuvu huyo anataka mahali penye homoni ya kike. Mtoto ambaye hajakaribia kuvunja ungo hana homoni hiyo ya kutosha, ndiyo maana mtoto aliyeshaacha nepi hupata kandida kwa nadra. Kwa mtu mzima ndiyo imejaa, na wauza dawa wamezoea kuandika jina hilo kwa kila muwasho.
Hiyohiyo homoni ikikosekana, ngozi ya ndani inakuwa nyembamba kama karatasi ya sigara. Hakuna asidi, na wale bakteria walinzi wanaoishi ukeni kwa mwanamke mzima hawajahamia. Nywele hakuna, nyama ya kufunika ni kidogo, na njia ya haja kubwa iko hapo jirani. Kitu kidogo tu kinawasha: kinyesi, sabuni, mkojo uliobaki, mchanga. Ndiyo maana wasichana wa kuanzia miaka mitatu mpaka tisa, kumi hivi, wanasumbuliwa sana na kitu hiki, na mara nyingi ukipima hukuti mdudu wa maana.
Maswali: anawashwa zaidi usiku au mchana? Anaogeshwa na sabuni gani? Anajichamba vipi? Na kliniki walipima kitu, au waliangalia tu?

MamaZahara_Busia
@Sista_Mstaafu asante. Hawakuangalia hata. Waliuliza "anawashwa?" nikasema ndiyo, wakaandika. Usiku ndiyo anahangaika zaidi, anasaga meno na kugeuka geuka. Sabuni ni ya mche, ileile ya kufulia, na maji ya mwisho natia vifuniko viwili vya dawa ya kuua viini. Kuchamba sijawahi kumtazama, anaenda peke yake na kopo lake.

Kijana_Kisenyi
Sisi wanaume kwenye uzi huu tukae au tutoke?

Hajati_Kibuli
@Kijana_Kisenyi kaa usome, una mabinti wawili. Mama yao akisafiri nani atawaogesha?
MamaZahara, vifuniko viwili vya dawa hiyo kwa ngozi ya mtoto ni kumchubua. Mimi nilifanya hivyohivyo kwa wangu wa kwanza, nikiona anawashwa naongeza cha tatu. Nilipoacha kila kitu nikabaki na maji matupu, wiki moja akatulia. Nadhani hapo umepata jibu lako.
Na kuchamba anafundishwa, mtoto haji nako tumboni. Madrasa tulifundishwa mkono wa kushoto na maji, lakini hakuna aliyetuambia mkono unatoka wapi kwenda wapi. Mtoto mwenye mkono mfupi anapitisha mbele, anavuta uchafu wa nyuma kuja nao mbele. Mwonyeshe: kopo linamwagwa kutoka mbele, mkono unapita nyuma, uchafu unakwenda nyuma. Wangu nilimfundishia kwa mwanasesere, kachutama pembeni ya beseni na yeye kachutama pembeni ya mwanasesere wake, tunachamba wote watatu. Baba yake alipita akarudi alikotoka.

Kijana_Kisenyi
Hiyo ya mwanasesere naihifadhi 🤣

MamaKambale_Bwera
Usiku?? Kusaga meno sijui, lakini usiku ni minyoo! Naapa. Wangu alikuwa na miaka 5, tumemaliza krimu za Bwera zote tukavuka mpaka wa Mpondwe kutafuta za upande wa pili. Siku moja bibi mmoja Mkonjo jirani yetu akaniambia, mtoto akishalala saa mbili hivi, mfunue polepole umulike na tochi ya simu njia ya haja kubwa. Nikadhani ananifanyia mzaha. Nilimulika. Vilikuwa vitatu, vyeupe, vyembamba kama uzi wa kushonea, urefu kama ukucha wa kidole kidogo, vinatembea. Nilipiga kelele mpaka mume wangu akaja na panga.
Vinatoka usiku kutaga mayai, vingine vinapotea njia na kuingia mbele. Hapo ndipo muwasho unapohamia. Krimu ya kuvu haviijui.

Boda_Kasese
Kumbe uzi ndani ya uzi.

MamaKambale_Bwera
@Boda_Kasese nilijua mtu atasema tu.

TeacherMbale
Lakini watoto shuleni wanapewa dawa ya minyoo kila Aprili na Oktoba kwenye siku za afya ya mtoto. Wa P.1 hakosi. Kwa hiyo minyoo mimi naiondoa kwenye orodha.

Sista_Mstaafu
@TeacherMbale usiiondoe. Kidonge kile kinaua minyoo iliyo tumboni siku hiyo. Mayai yaliyo kwenye kucha, shuka na chupi hakiyagusi, na baada ya wiki mbili tatu mtoto ameshayala tena kwa kunyonya kidole. Kwa minyoo hii dawa inarudiwa baada ya wiki mbili, na nyumba nzima inameza siku moja, hata baba anayejiona hana minyoo. Kucha zikatwe fupi, shuka zifuliwe, chupi ibadilishwe asubuhi. Kipimo chake ni rahisi: asubuhi kabla hajaoga, bandika selotepu hapo nyuma, ibandue, ibandike kwenye kioo cha maabara au uipeleke hivyohivyo kituo cha afya. Ukipima choo kikubwa peke yake unaweza usione kitu ukaambiwa mtoto mzima.
Kusaga meno sikushikilii. Wengi wanasaga na hawana hata mnyoo mmoja.

NakatoWandegeya
Mimi nina swali la pembeni. Kyogero je, yale maji ya majani ya kuogeshea watoto? Binti yangu ana miezi kumi, mama anamwogesha kyogero tangu azaliwe, ina bbombo na majani mengine hata siyajui, na sasa amekuwa mwekundu chini kote.

Jajja_wa_Mukono
Kyogero haina kosa. Nimeogesha watoto kumi na mmoja na wajukuu siwahesabu. Mwekundu ni hizo pampasi zenu mnamfunga asubuhi mpaka jioni.

NakatoWandegeya
@Jajja_wa_Mukono jajja sijasema vibaya, naogopa tu 🙏

Sista_Mstaafu
Hapa jajja ana nusu ya ukweli. Huyo wa miezi kumi yuko kwenye nepi, na kwenye nepi kandida ipo kweli, hasa kama amemaliza antibayotiki karibuni. Wekundu unaingia mpaka kwenye mikunjo na una vipele vidogo pembeni. Huyo krimu ya kuvu inamfaa. Ila maji ya majani yaliyolala kwenye sufuria siku tatu yakipashwa kila asubuhi siyapendi, hata yangekuwa ya bbombo.
Na wenye wachanga kabisa: mtoto wa kike akizaliwa anaweza kutoa ute mweupe, hata tone la damu, wiki ya kwanza ya pili. Ni homoni ya mama inamtoka. Niliwahi kuletewa mtoto wa siku tano ameshapakwa vitu vitatu.

Jajja_wa_Mukono
Siku tatu nani analaza? Mimi napika kila siku.

Mvuvi_Kasensero
Mmesahau maji. Watoto wetu wanaogelea ziwani kutwa. Bilhazia (kichocho) inapanda sehemu za siri kwa wanawake, kuna daktari alikuja kutuambia. Mleta mada aangalie mtoto anaoga wapi.

LabMan_Lira
@Mvuvi_Kasensero umesikia kweli lakini umechanganya. Bilhazia ziko mbili hapa kwetu. Ya Ziwa Victoria na Albert ni ile ya utumbo, inaharibu ini na kujaza tumbo maji. Inayopenda kibofu na viungo vya uzazi ni ya mkojo, na hiyo kwa Uganda imejulikana zaidi huku Lango. Dalili yake ya kwanza mara nyingi ni mkojo wenye damu mwishoni. Binti wa Busia wa miaka 6 asiye na damu kwenye mkojo, ningeiweka mwisho kabisa. Lakini kupima mkojo apimwe, kwa sababu kuchoma wakati wa kukojoa kunaweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo, au mkojo unapita tu juu ya ngozi iliyochubuka. Kijiti cha kupimia mkojo kinatoa jibu dakika mbili.

Mvuvi_Kasensero
Sawa daktari. Ila ziwani wasioge.

LabMan_Lira
Si daktari, ni wa maabara. Ziwani wasioge, tumekubaliana.

Baba_Aisha_Bombo
Sijawahi kuandika haya mahali. Binti yangu alikuwa na miaka 4. Yeye hakuwashwa, alinuka. Harufu ambayo ukimbeba unaisikia kupitia gauni, na kwenye chupi kitu cha kahawia, wakati mwingine na damu. Tumezunguka miezi minne. Flagyl, Septrin, sindano za siku saba. Dawa zikiwa mwilini harufu inapungua, zikiisha inarudi. Kuna mahali nilitazamwa jicho baya, mimi baba ndiye nimemleta, na muuguzi akamuuliza mke wangu mbele yangu kama nalala chumba kimoja na mtoto. Nilikasirika siku hiyo.
Hospitali kubwa daktari mmoja mama wa makamo alisema maneno sita: harufu na damu, kuna kitu ndani. Wakampa usingizi kidogo, wakasafisha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Kikatoka kipande cha sponji la godoro, kidogo kama punje ya mahindi, kimeoza kijani. Godoro lake lilikuwa na tundu pembeni, alikuwa anachokoa usiku. Daktari akasema kinachotoka zaidi ni vipande vya karatasi ya chooni. Harufu iliisha siku ya tatu na haijarudi, sasa ana miaka 9.
Godoro nilishalichoma.

Hajati_Kibuli
Subhanallah. Miezi minne ya antibiotiki kwa kisponji.

MamaZahara_Busia
@Baba_Aisha_Bombo nimekimbia kuangalia godoro. Zima. Na damu hana.

Wakili_Ntinda
Nimesoma uzi wote nikingoja mtu aseme, na Baba Aisha amekaribia. Mtoto wa kike mwenye maambukizi yanayorudi, ni lazima swali la kuingiliwa liulizwe. Mjomba, mpangaji, mlinzi wa shule. Tunaongea sabuni na jivu kwa sababu ni rahisi kuongea.

Mzee_wa_Malaba
Mwanangu hayo ni mazito. Mtoto kawashwa, tayari unamfunga mtu.

Kijana_Kisenyi
Nyumba ya vyumba vitano, neno kama hilo likitoka leo, kesho kuna mtu kachomewa tairi. Polepole jamani.

Wakili_Ntinda
Sijataja mtu. Nimesema swali liulizwe.

Sista_Mstaafu
Nimeona pande zote mbili. Nimeona mama akimpiga mtoto ataje jina ambalo halikuwepo, kumbe ni minyoo. Nimeona pia mtoto aliyetibiwa "kandida" mwaka mzima, na aliyekuwa anamfanyia hayo ndiye aliyekuwa anamleta kliniki. Yule mwuguzi aliyemuuliza mke wa Baba Aisha alikosea mahali na namna, lakini swali lenyewe ni la kazi yake.
Muwasho peke yake na wekundu mara nyingi si hivyo. Kinachonistua ni usaha mwingi wa manjano au kijani, michubuko, mtoto aliyeanza kuogopa mtu fulani au kukojoa kitandani ghafla baada ya kuacha. Apimwe kwa kipimo cha maabara. Kikionyesha kisonono kwa mtoto aliyepita uchanga, hakuna cha choo hapo. Najua Kampala nzima wanasema enziku, yaani kisonono, inashikwa chooni. Mdudu wa kisonono nje ya mwili anakufa upesi, hakungoji kwenye sakafu ya choo.
Ukiwa na shaka, usimhoji mtoto kama askari. Sikiliza anachosema kwa maneno yake. Namba 116, Sauti, ni bure na ni ya watoto. Kama tukio ni la karibuni usimwogeshe, mpeleke hospitali upesi, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI inaanzwa ndani ya saa 72 na kila saa ina thamani.

Wakili_Ntinda
Na polisi wanatoa fomu 3A ya uchunguzi wa daktari. Lakini matibabu hayangoji fomu. Ukifika hospitali kwanza, anza hapo.

MamaZahara_Busia
Nimemuuliza jana wakati namsuka, kwa upole, kama kuna mtu humgusa pale asipopenda. Akasema Fahadi wa chumba cha tatu humvuta nywele. Fahadi ana miaka 5. Sijaona dalili hizo nyingine ila nimesikia, nitakaa macho.

Hajati_Kibuli
Fahadi achunguzwe 😂 samahani, nilihitaji kucheka baada ya hayo.

Matron_Iganga
Mimi niko bweni la wasichana, wakubwa kidogo, P.5 hadi P.7. Tatizo letu ni chupi kukauka. Msichana anaona aibu kuanika kwenye kamba, anaficha chini ya godoro au juu ya sanduku, asubuhi anavaa ikiwa mbichi. Juu yake kaptura ya nailoni na sketi ya poliesta. Maji yakikatika wiki, nusu ya bweni wanajikuna. Tulipofunga kamba ya ndani ya ua, mahali jua linaingia na wavulana hawaoni, foleni ya kwangu ilipungua.

TeacherMbale
@Matron_Iganga hiyo ni kweli kwa bweni, lakini Zahara ni wa kutwa na chupi yake inaanikwa na mama. Tusimpe sababu za shule ya bweni.

Matron_Iganga
Mwalimu, nailoni haijui kutwa wala bweni.

MamaP4_Jinja
Na hii chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi wanayochomwa wasichana wa miaka 10? Binti yangu kachomwa, miezi michache baadaye akaanza kutoa uchafu mweupe. Sitaki kusema zaidi.

Sista_Mstaafu
@MamaP4_Jinja sema, usiogope. Ana miaka mingapi sasa, matiti yameanza? Uchafu una harufu, unawasha?

MamaP4_Jinja
11 kasoro. Yameanza Krismasi. Haunuki, hauwashi, ni kama maji ya wali.

Sista_Mstaafu
Basi hajaumwa. Homoni zimeanza, na huo ute mweupe hutangulia hedhi kwa miezi sita mpaka mwaka. Mwandalie pedi, si dawa. Chanjo hiyo imetolewa nchi nzima tangu 2015 kwa wasichana wa miaka 10, na miaka hiyohiyo ndiyo mwili unapobadilika, kwa hiyo vitu viwili vinakutana na watu wanavifunga kamba moja.

MamaP4_Jinja
Nilishampa Flagyl 🙈

Mama_Sukari
Naongeza moja ambayo hakuna aliyeigusa. Wangu alikuwa na miaka 9, kandida ya kweli, iliyopimwa, nyeupe kama maziwa yaliyoganda. Ikaisha, ikarudi, ikaisha, ikarudi. Sisi tulikuwa tunalaumu beseni la shule. Kilichotufungua macho ni sisimizi. Alikojoa pembeni ya jiko usiku, asubuhi sisimizi wamejipanga pale kama wako kwenye sukari. Na kweli ilikuwa sukari. Alikuwa anakunywa jagi zima la maji, amekonda, mimi nasema anakua. Anachoma insulini sasa mwaka wa tatu. Ukiambiwa kandida kwa mtoto asiye kwenye nepi, na imepimwa ikaonekana, mpime sukari kwenye damu.

LabMan_Lira
Hii ni ya kubandika juu ya uzi.

Boda_Kasese
Swali la mtu asiyejua: choo cha kukaa si ndiyo salama zaidi kuliko shimo?

Sista_Mstaafu
Kwa jambo moja ni kinyume. Mtoto mdogo akikaa kwenye choo cha kizungu, miguu inaning'inia, magoti yamebanana, mkojo mwingine unarudi nyuma na kuingia ukeni. Akisimama unadondoka kwenye chupi, chupi inalowa kutwa. Kwenye shimo anachutama, magoti yako mbali, mkojo unatoka wote. Wa choo cha kukaa mwambie apanue magoti, ainame mbele kidogo, asiharakishe.

BintKoboko
Mzee wa Malaba njoo usome, shimo limeshinda kesi.

Mzee_wa_Malaba
Nimesoma. Mchana wa saa nane bado silipendi.

Hajati_Kibuli
Naongeza koo. Mjukuu wangu aliumwa tonsili, wiki iliyofuata akawa mwekundu sana chini, wekundu wa kung'aa kama kapakwa rangi. Daktari alisema mdudu wa koo kashuka na vidole. Huyo alipona kwa antibayotiki ya kunywa, maji matupu hayakumsaidia. Kwa hiyo hata mimi mwenye dini ya maji matupu nilinyamazishwa.

(wiki tatu baadaye)

MamaZahara_Busia
Nimerudi, samahani kwa kukaa kimya. Mrejesho.
Mkojo ulipimwa kituo cha afya cha serikali, safi. Sukari safi. Selotepu nilibandika asubuhi mbili. Ya kwanza hawakuona kitu, ya pili mtu wa maabara akasema "kama yai moja hivi, sina uhakika". Tochi nilimulika usiku nne, sikuona uzi wowote @MamaKambale_Bwera. Hata hivyo wote tulimeza dawa, baba yake kwa kulazimishwa, na tukarudia juzi. Siku hiyohiyo niliacha dawa ya kuua viini na sabuni ya mche, anakaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika kumi, nampangusa kwa kugusagusa bila kusugua. Kaptura ya nailoni nimempa dada yangu ashonee kitu kingine. Kuchamba nilimtazama: alikuwa anavuta mbele, kama alivyosema Hajati.
Siku ya sita aliacha kujikuna. Leo ya kumi na tisa, chupi kavu, analala.
Sijui ni kipi kimemponya.

MamaKambale_Bwera
Minyoo! Yai moja ni yai.

Hajati_Kibuli
Ni ile dawa uliyoacha kumtilia kwenye maji. Siku sita hasa, kama wangu.

Matron_Iganga
Nailoni.

TeacherMbale
Ulifanya vitu vitano kwa mpigo, hapo hakuna anayeweza kudai.

Hajati_Kibuli
Mwalimu nimeshadai.

Kijana_Kisenyi
Jajja yake anasemaje?

MamaZahara_Busia
Jajja hajayumba. Anasema nyie wote mmemkuta njiani. Amemaliza gunia la kwanza la jivu, leo kamtuma mtu sokoni kwa wachoma nyama alete la pili.

Mzee_wa_Malaba
Mpe salamu zangu.